Una Miaka Mingapi, Silantoi?

"Silantoi, niambie ukweli. Una miaka mingapi?"

Silantoi alikuwa anamsuka mteja. Vidole vilimganda katikati ya msuko. Mlangoni mwa saluni alisimama Mikidadi, mchumba wake, na ovaroli lake la kuchomelea vyuma, anahema kama mtu aliyekimbizwa.

"Umesemaje?"

"Nimekuuliza umri wako."

Mteja aliinua macho kwenye kioo, akawatazama wote wawili. Silantoi akaona aibu.

"Toka nje. Nakuja."

Nje, soko la Kwa Mrombo lilikuwa limechangamka, kila mtu ananadi chake. Walijibanza nyuma ya duka la mikaa.

"Bi Evelyn amenipigia," Mikidadi alisema. "Yule afisa wa ndoa. Baba yako ameweka pingamizi. Amesema una miaka kumi na sita."

"Baba? Baba yangu mimi?"

"Ijumaa tunaitwa wote. Tusipokuwa na kithibitisho cha umri wako, jalada linaenda polisi. Unajua mtu akikutwa na msichana wa miaka kumi na sita anafungwa miaka mingapi? Thelathini, Silantoi! Nitatoka jela nina mvi."

"Kwa hiyo ukaacha kazi ukaja kuniuliza mimi?"

Mikidadi alijikuna shingo.

"Watu wanasema unaonekana mdogo. Na mimi sijawahi kuona hata karatasi yako moja."

Huyu ndiye mwanaume aliyekuwa naye mwaka mzima na nusu. Tangazo la ndoa yao lilikuwa limebandikwa ubaoni bomani tangu wiki iliyopita, jina lake na la Mikidadi, Mkristo na Mwislamu, kila mmoja abaki na dini yake. Ndivyo walivyokubaliana, na hata Mwanahalima, mama yake Mikidadi, alikubali baada ya kulia siku nzima. Kwa Silantoi nyumbani hakuna aliyeambiwa. Alipanga kusema mwishoni.

"Nina miaka kumi na tisa," alisema taratibu. "Mwaka niliozaliwa nilikwambia siku ya kwanza. Nilikwambia na siku tulipojaza fomu. Sasa ulitaka nikwambie kwa lugha gani?"

"Mimi nakuamini. Wao ndio hawaamini."

"Wewe ndiye uliyekuja kuniuliza mbele ya mteja."

Akarudi ndani. Msuko ule aliufumua mara mbili.

Mchana alimpigia Bi Evelyn.

"Shikamoo mama. Ni Silantoi. Nataka kujua nilete nini."

"Marahaba binti. Una cheti cha kuzaliwa?"

"Sijawahi kukatiwa, mama. Nilizaliwa nyumbani, Nduruma, kwa bibi mzaa mama."

"Namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA?"

"Nilijiandikisha. Bado haijatoka."

"Mna nini basi?"

"Nina kadi ya mpiga kura."

Bi Evelyn alivuta pumzi.

"Kadi hiyo ilete, inasaidia. Lakini umri wa kule uliutaja mwenyewe, na hapa baba mzazi anasema vingine. Nahitaji cha kuikazia. Cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, au mzazi aje aape mbele ya wakili. Cheti cha kuzaliwa ndiyo bora, ila kwa Ijumaa hii hukiwahi. Chagua unachoweza kukipata kihalali. Umenielewa? Kihalali."

"Nimekuelewa, mama."

Ujumbe ukaingia kwenye simu. Mikidadi.

"Nimepata njia. Nitumie majina kamili ya baba na mama yako, na tarehe yako. Brian wa stationery anatoa cheti leo leo, mhuri na kila kitu. Huwezi kukitofautisha na cha kweli."

Silantoi aliusoma mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akapiga.

"Mikidadi, unataka kunitengenezea cheti feki?"

"Una miaka kumi na tisa, si ndiyo? Kwa hiyo tutakachoandika ni ukweli. Karatasi tu ndiyo..."

"Karatasi tu ndiyo ya uongo! Wakigundua, nani ataamini tena mdomo wangu? Itakuwa baba ndiye msema kweli na mimi ndiye tapeli!"

"Na wakikosa karatasi nitalala wapi Ijumaa, Silantoi? Mahabusu! Wewe huogopi kwa sababu si wewe utakayefungwa!"

Silantoi akasema kwa sauti ndogo:

"Naenda nyumbani kwa baba. Usinitumie ujumbe."

Alipofika Ngaramtoni alichukua bodaboda kupanda kwao. Mlima Meru ulikuwa umejifunika ukungu mpaka miguuni, na baridi ilimpenya kwenye sweta. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, anayapangua.

Baba yake, Mzee Lemburis, alikuwa anafunga ndama. Mtu mrefu, mzee wa kanisa, sauti yake inajulikana usharika mzima. Silantoi aliinamisha kichwa ili aguswe, kama mtoto wa Kiarusha anavyomsalimu mzazi wake. Mkono wa baba haukuja.

"Shikamoo baba."

"Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kukuuliza. Kwa nini umesema nina miaka kumi na sita?"

"Na mimi nikuulize. Kwa nini jina la binti yangu nimeoneshwa kwenye simu ya jirani? Kaenda bomani kwa shughuli zake, kaona tangazo, kapiga picha. Ananiambia, Mzee Lemburis, hongera, unaoza binti! Mimi sijui! Nimesimama katikati ya mnada, watu wananitazama, mimi sijui!"



"Nilikosea kutokukwambia, baba. Nisamehe. Lakini uongo wako unampeleka mtu jela miaka thelathini."

"Aende! Nani alimwambia achukue mtoto wa watu kwa kujificha?"

"Mimi si mtoto! Mwaka jana ulipotaka nikaolewe na yule rafiki yako wa Monduli, ulisema nimeshakuwa mtu mzima, nisikucheleweshe. Mwaka huu nimekuwa na miaka kumi na sita. Baba, mimi nakua au narudi nyuma?"

Kamba ya ndama ilimtoka mzee mkononi. Mlangoni mwa nyumba alikuwa amesimama mama, Nkasiogi, shuka limezungushwa mabegani. Alisikia kila neno.

"Yeyo," Silantoi alimgeukia mama yake, "naomba cheti changu cha ubatizo."

"Kiko kwenye sanduku la baba yako. Ufunguo anao yeye."

"Na kadi ya kliniki?"

"Hiyo ililiwa na mchwa zamani."

Silantoi alikaa chini palepale kwenye nyasi. Machozi aliyoyazuia tangu Kwa Mrombo yakamtoka yote. Alilia kwa sauti, kwa kelele, kama alivyokuwa akilia utotoni.

Nkasiogi alishuka kizingitini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, miaka yote mume wake ndiye aliyesema kwa niaba ya nyumba. Akasimama mbele ya Lemburis.

"Mpe cheti chake."

"Sitoi."

"Basi usitoe. Mtoto huyu nilimzaa mimi. Wewe ulikuwa malishoni na ng'ombe, mama yangu ndiye aliyenishika mkono. Ijumaa nitakwenda mimi, niape."

"Nkasiogi!"

"Nitaapa."

"Ukienda huko kunivua nguo mbele ya watu, usirudi hapa kwangu!"

Mama aliingia ndani, akatoka na mfuko mdogo na viatu vyake vya kanisani.

"Inuka, Silantoi. Twende tukalale kwako."

Siku zilizobaki Silantoi hakutulia. Kila simu iliyolia alishtuka. Mama yake alikaa kwenye kitanda kimoja cha chumba cha kupanga, anaulizia kama ng'ombe wamenyweshwa, kisha anajibu mwenyewe kwamba bila shaka wamenyweshwa. Mikidadi alituma ujumbe mmoja tu: "Nimeshindwa kula. Nisamehe hata kama hunijibu." Silantoi aliuacha bila kujibu.

Ijumaa asubuhi Mikidadi alikuwa wa kwanza kufika ofisini, amevaa kanzu safi, pembeni yake Mwanahalima akivuta tasbihi kwa kasi. Silantoi aliingia na mama yake. Wachumba hawakusalimiana. Mzee Lemburis aliingia wa mwisho, na koti lake la ibadani. Aliketi mbali na mkewe.

Bi Evelyn alivaa miwani.

"Nimewaita kabla sijalisogeza shauri hili mbele, kwa sababu likitoka hapa mimi sina uwezo nalo tena. Bwana harusi, mna kithibitisho gani cha umri?"

Silantoi aliona mkono wa Mikidadi ukienda kwenye mfuko wa kanzu. Amekitengeneza. Kumbe alikwenda kwa Brian. Mkono ukaingia mfukoni, ukakaa humo, bahasha ikachungulia ncha.

Mikidadi alimtazama Silantoi. Silantoi hakutikisa kichwa, hakukonyeza, hakufanya chochote. Alimtazama tu.

Mkono ukatoka mtupu.

"Mimi sina kitu, mama," Mikidadi alisema. "Nina neno lake tu. Ameniambia ana miaka kumi na tisa, na mimi namwamini."

"Mwanangu!" Mwanahalima alimshika mkono. "Utafungwa!"

"Namwamini, mama."

Nkasiogi alisimama.

"Mimi ndiye mama yake. Nimekuja kuapa."

"Vizuri," alisema Bi Evelyn. "Wakili yuko chumba cha pili, ataandika kiapo chako. Na wewe Mzee Lemburis, pingamizi lako nalo litaandikwa kwa kiapo. Utashika Biblia, utataja mwaka aliozaliwa, kisha utasaini. Uko tayari?"

Mzee alikohoa.

"Kwani niliyosema hayatoshi?"

"Hayatoshi, mzee. Nani ataanza?"

"Aanze yeye," alisema Nkasiogi. "Ndiye mkuu wa nyumba."

Wakili aliletwa, na Biblia ikawekwa mezani. Mzee Lemburis aliunyoosha mkono mpaka juu ya jalada jeusi, ukasimama hapo hewani. Wote walimtazama.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini, mzee?"

"Siwezi kuapa uongo. Ana miaka kumi na tisa. Nakumbuka. Ulikuwa mwaka wa ukame ule mkubwa, nilirudi malishoni na ng'ombe wachache, nikajiona sina kitu duniani. Nikafika Nduruma nikaambiwa nimepata binti." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilitaka awe mtoto kidogo tena. Basi. Nilitaka mtu aje aniulize mimi kwanza."

Mwanahalima ndiye aliyeanza kulia.

"Nafuta pingamizi," mzee alimwambia Bi Evelyn. "Cheti cha ubatizo nimekileta."

Akakitoa ndani ya koti, kimekunjwa vizuri. Kisha akamgeukia mkewe, macho chini.

"Mama Silantoi, yale niliyosema juu ya kutorudi, nimekosa. Ng'ombe wako wanakuulizia."

"Nitarudi kesho," Nkasiogi alijibu. "Leo nakaa na mwanangu."

Nje, chini ya jua lililokuwa limeanza kutoka, Mikidadi alimkimbilia Silantoi. Alitoa bahasha, akaichana vipande vipande mbele yake.

"Nilikitengeneza. Nisikudanganye. Lakini niliposimama mle ndani nikaona nikikitoa, nimekutukana."

"Ulishanitukana Kwa Mrombo."

"Najua."

"Hujui. Baba alidanganya kwa sababu aliogopa kunipoteza. Wewe ulitaka kudanganya kwa sababu hukuniamini. Kwangu hilo ndilo lililoniuma zaidi."

Mikidadi alikubali kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamlenga, hakuyaficha.

"Tumeachana?"

Silantoi alivitazama vipande vya bahasha vilivyotapakaa chini.

"Sijasema hivyo. Ile ndoa ya kujificha ndiyo imekwisha, na makosa ya hilo ni yangu pia. Ukinitaka, nenda Ngaramtoni na wazee wako. Mkae chini na baba yangu, akuulize anachotaka mpaka achoke. Na mimi unipe muda, nione kama moyo unarudi."

"Akinikataa?"

"Utarudi tena."

Mikidadi alikwenda na baba yake mdogo, Twahir, na barua ya posa. Mara ya kwanza Mzee Lemburis hakuifungua, aliwapa chai akawaaga. Mara ya pili aliwauliza kuhusu dini ya wajukuu mpaka jua likazama. Safari ya tatu Mikidadi alimkuta peke yake anahangaika na geti la zizi lililovunjika bawaba. Alirudi mjini akaleta jenereta na mashine ya kuchomelea, akalitengeneza bila kuambiwa. Jioni hiyo mzee alimpigia binti yake.

"Huyu kijana anajua kazi."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe, bado unamtaka?"

Silantoi alicheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Namtaka, baba. Nilikuwa nasubiri na wewe uniulize."

Walifunga ndoa bomani mwezi wa sita, baridi imekolea, na Mzee Lemburis akasaini kama shahidi. Sherehe ilikuwa Kaloleni, uani kwa Mwanahalima, chini ya turubai. Kina mama wa Kiislamu walikuwa jikoni na masufuria, na upande wa bibi harusi walikuwa wameketi wamejikusanya, hawajui washike nini. Wengine walinong'ona kwamba hawatakula kwa watu wasiowajua.

Ndipo pikipiki ya mizigo iliposimama getini. Mzee Lemburis alishuka, akamteremsha beberu mnene mweupe, akamvuta kwa kamba mpaka katikati ya ua. Mazungumzo yakakatika.

Akamtafuta Twahir kwa macho, akamkabidhi kamba kwa mikono miwili.

"Mkwe mwenzangu, nimemleta akiwa mzima kutoka zizini kwangu. Mchinje wewe kwa mkono wako na dua yako, ili leo tule sahani moja wote."

Vigelegele vilianzia upande wa Mwanahalima. Vya upande wa Nkasiogi vikavipokea.