Maana ya Pinch

Simu ya Cheche ilitetemeka mezani, na Futi, aliyekuwa amekuja kumjaribisha suti ya harusi, akaitupia jicho. Hakukusudia kupekua. Kioo kiliwaka chenyewe, maneno yakajianika:

"Nimekutumia picha. Pinch taratibu hapo katikati, utaona kila kitu. Alhamisi saa tatu asubuhi nakusubiri. Usiogope."

Namba haikuwa na jina. Kwenye kapicha kake alionekana mwanamke mwenye vishimo mashavuni, anacheka.

Cheche alikuwa bafuni akijisugua masizi. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na jina hilo alibandikwa na wenzake kazini. Futi naye alikuwa fundi cherehani. Hakuna aliyewahi kumwona bila futi ya kupimia shingoni. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Harusi yao wawili ilikuwa Jumamosi.

Cheche alipotoka, Futi alimwambia ujumbe umeingia. Mwanamume akaichukua, akaisogeza karibu na pua, akageukia ukutani.

"Nani huyo?" Futi aliuliza.

"Mteja. Anataka geti."

Futi akambana mabega ya koti kwa pini.

Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Asubuhi yake akaingia kwa mzee wa steshenari, jirani na kibanda chake cha kushonea, akamwomba amtafutie neno moja kwenye kamusi. Mzee akalowesha kidole, akafunua kurasa, akasoma.

"Kufinya. Kwa vidole viwili, hivi. Maana nyingine, kuiba kitu kidogo. Kwani nani kakufinya?"

"Mimi hakuna. Ila kuna mtu anataka kufinywa."

Mzee alicheka. Futi hakucheka. Kufinya na kuiba, neno moja. Na hapo katikati ni wapi?

Jioni alimweleza mama yake mdogo, ambaye ndiye aliyemlea. Mama mdogo alimwambia harusi haivunjwi kwa neno la kwenye simu. Mwanamume ni kama nguo ya dukani, kasoro zake utazijua ukishafua. Maneno hayo hayakumpoza. Futi alianza kuunganisha mambo. Wiki mbili zilizopita Cheche alipishana naye barabarani bila kumsalimia. Na siku hizi kila picha ya kamati ya harusi alikuwa akiisogeza karibu na pua, sura moja baada ya nyingine, hasa za wanawake. Jumatano Futi alijichoma sindano mara mbili, akashona mkono wa kushoto wa shati la mtu upande wa kulia.

Alhamisi akamfuata. Cheche alitembea polepole, kiganja kikipapasa ukuta, na kila penye ngazi alisimama kwanza. Futi alijiambia huyo ni mtu anayeogopa kuonekana. Kisha akamwona akiingia kwenye kliniki ya macho.

Akasogea hadi mlangoni. Ndani, kwenye benchi, Cheche alikaa na yule mwanamke wa vishimo, aliyevaa sare ya uuguzi, simu ikiwa katikati yao.

"Usitelezeshe," muuguzi alikuwa akisema. "Gusa kwa vidole viwili, halafu vitanue. Ndiyo pinch hiyo niliyokuandikia. Ukiikuza hivyo ile picha ya barua ya daktari, utaisoma mwenyewe."

Vidole vya Cheche, vyenye makovu ya moto, vilihangaika juu ya kioo.

"Bado ni ukungu, sista."

"Basi mwenzako akusomee."

"Sina mtu wa kumwambia."

Futi alikuwa amejiandaa kwa matusi. Hayo hakuyatarajia.

"Na mimi ni nani?" aliuliza.

Cheche aligeuka haraka. Macho yake yakatua pembeni kidogo ya uso wake, yakabaki hapo yakimtafuta. Futi akakaa kando yake.

Mwanamume alieleza kwa sauti ya chini. Jicho la kushoto lilikufa tangu lilipoingiwa na chuma. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na mwezi huu ukungu ulikuwa umezidi.

"Ungeniambia lini?"

"Baada ya harusi."

"Nikishakuwa siwezi kuondoka."

Cheche aliinamisha kichwa.

"Ndiyo," alisema. "Niliogopa utaondoka."

Hilo lilimuuma Futi kuliko mwanamke yeyote ambaye angemkuta pale. Jina la Cheche likaitwa. Futi akanyanyuka, akamshika kiwiko, wakaingia pamoja.

Daktari hakuzunguka. Mtoto wa jicho alikuwa ameiva. Akiachwa, presha ya jicho ingeweza kupanda, na hapo pasingekuwa na la kuokoa. Bingwa wa upasuaji hufika mara moja kila miezi mitatu. Safari hii ni Jumamosi, na mgonjwa alikuwa ameshakataa.

"Jumamosi naoa," Cheche alisema.

"Mwandike, daktari," Futi alisema. "Jumamosi haoi."

Pale pale koridoni akampigia baba yake kumwambia harusi imeahirishwa, Cheche anapasuliwa jicho. Mzee aliuliza kama kijana amemkosea.

"Amenikosea, baba. Hilo tutalimaliza sisi wawili. Nyinyi liombeeni jicho lake."

Ndugu walinuna, wenye maturubai wakalalamika, na mama mdogo akashinda siku nzima akijibu simu za watu. Futi hakumsamehe Cheche haraka. Siku ya upasuaji alikaa nje ya chumba kwa muda wa saa mbili na nusu, akimkasirikia na kumwombea kwa pumzi ile ile.

Jumapili bandeji ikafunguliwa. Muuguzi akainua vidole.

"Vingapi?"

"Vitatu," Cheche alijibu, halafu akaviacha, akamgeukia Futi. Safari hii macho yalimfikia moja kwa moja. Akamtazama kutoka kichwani kwenda chini, taratibu, machozi yakimlenga.

"Upindo wa gauni lako umepinda," alisema.

Futi akainama kutazama. Kweli, ulikuwa umepinda kuanzia ubavuni hadi mbele, na yeye, fundi mzima, alikuwa amelivaa tangu asubuhi mbele za watu bila kuona.