Uso Uliokatwa Kwenye Bango

Mhalifu hakuwa na haja na bango. Alikata uso tu, akaenda zake.

Inspekta Everlyne Mutindi wa polisi wa Voi alisimama mbele ya ofisi ya shirika la Shiba Mtoto, akalitazama lile bango la turubai. Mtoto bado alikuwa pale, ameshika sahani tupu, lakini mahali pa uso palibaki tundu.

"Kisu kikali," alisema. "Na mkono usio na haraka."

"Wafadhili wanafika kesho!" Donald, mkurugenzi wa shirika, alikuwa karibu kulia. "Huo uso ndio unaotuweka mjini. Kwenye kozi ya uchangishaji tulifundishwa: mtu hatoi kwa sababu ya takwimu, hutoa kwa mtoto mmoja anayemtazama machoni. Wafadhili wanamtumia kadi kila Krismasi."

"Anaitwa nani?"

"Neema."

"Jina lake la kweli?"

Donald alikohoa. "Picha niliikuta ofisini, Inspekta."

Mutindi alikasirika, na alikuwa na haki. Akainama kuichunguza sahani. Ukingoni palikuwa na herufi za rangi nyekundu: K.H. Nyumbani nani hupaka sahani zake rangi? Hao ni wenye hoteli, waliochoka kuibiwa vyombo. Na Mutindi, mpenda ndengu, alishawahi kula kwenye sahani kama hiyo, katika hoteli moja ya Maungu. Akamtia Donald garini, wakaenda huko.

Kasiva Hotel ilijaa madereva wa malori. Kasiva mwenyewe alipoona sare ya polisi, alinawa mikono, akavua aproni.

"Ni wewe uliyekata lile bango Voi?"

"Ni mimi, afande."

"Kwa nini?"

"Huyo ni Shanice wangu. Siku hiyo alikuwa amemaliza ndengu, analilia chapati ya pili. Mgeni mmoja aliyesimama kunywa chai akampiga picha. Nikafikiri amempenda tu mtoto. Sasa yuko sekondari, fomu tuu. Wenzake wanamwita Sahani. Amekataa kurudi shule. Mimi nalisha barabara nzima, afande, halafu watu wanaambiwa mwanangu alilala njaa!"

"Hukuwaambia waliondoe?"

"Niliwaambia. Niliambiwa wafadhili wameshamzoea hivyo."

Donald aliangalia chini.

"Unajua huo ni uharibifu wa mali, mama?" Mutindi aliuliza. "Unaweza kufungwa."

"Najua. Turubai ni lao, ndiyo maana nililiacha. Uso ni wa mwanangu."

Hata madereva waliacha kutafuna. Mutindi alimgeukia Donald.

"Mlalamikaji ni wewe. Niandike nini?"

"Usiandike kitu, Inspekta." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mama Shanice, nisamehe. Bango nitalitoa leo."

"Na wafadhili wako?" Mutindi aliuliza.

Donald alimtazama Kasiva.

"Nitawaambia alikuwa ameshakula."