Boksi la Shedrack Ndani ya Kihenge

Kila asubuhi kabla ya shule, Fortunata alifagia uwanja, akabandika maji ya uji, kisha akapanda kwenye kihenge kuchota ulezi. Baridi ya Malangali ilimng'ata vidole. Siku hiyo bakuli lake liligonga boksi.

Alilijua. Lilikuwa la Shedrack, muuza kanda za muziki sokoni Sumbawanga. Nyumba nyingi, kuanzia Malangali hadi Kasense, zilikuwa na boksi lake mojamoja, naye aliwalipa wenye nyumba ujira wa kuyatunza. "Duka langu dogo, halina nafasi," ndivyo alivyowaambia.

Safari hii panya walikuwa wamelitoboa. Fortunata akavuta kanda moja. Kwenye karatasi ya kopi iliyofifia palikuwa na picha ya mama yake mdogo, Leonia, na wanakwaya wenzake.

Alishikwa na hasira. Kwaya ilirekodi kanda hiyo ili inunue mabati ya kanisa, lakini kanda halali zilikuwa zinadoda. Kumbe Shedrack alikuwa anazirudufu kwa siri na kuziuza kwa bei ya kutupa!

"Mama, hizi kanda ni za wizi!"

"Funga mdomo!" mama yake, Otilia, alifoka. "Hiyo sare uliyovaa imetoka wapi? Sisi hatuuzi. Tunatunza tu."

"Tunamtunzia anayemwibia mama mdogo."

Otilia aliinua mwiko, ila mkono haukushuka.

Jioni Shedrack alikuja kuchukua mzigo wake. Fortunata alisimama mlangoni, hata shikamoo hakumpa.

"Toka njiani, kitoto kisicho na adabu!"

"Nijibu kwanza," Otilia alisema nyuma ya binti yake. "Polisi wakilikuta boksi hili humu, utasema nini?"

Shedrack alicheka. "Mimi? Mama Fortu, kihenge ni chako. Mimi sijawahi hata kukanyaga ndani mwako. Ulidhani nakulipa kwa uzuri wa ulezi wako?"

Uso ulimwiva Otilia. "Kumbe duka lako, jela yangu! Ondoka, kabla sijakumwagia uji wa moto!"

"Utajuta! Nyumba ziko tele!" Shedrack alipiga kelele akitokomea.

Kesho yake walilibeba boksi hadi polisi, Leonia akiwa pamoja nao, amenuna njia nzima. Askari wa kike aliandika maelezo yao, kisha akamkazia macho Otilia.

"Sheria inalinda jasho la aliyetunga na aliyeimba. Anayelipwa kuficha mali ya wizi, akiijua, ni mshirika. Umejua jana, umekuja leo. Ungengoja tukufuate, tungeongea mengine."

Walipotoka nje, Leonia alimgeukia dada yake. "Hasira zangu hazijaisha. Twende nyumba kwa nyumba, ukawaambie wenzako mwenyewe."

Wakaenda. Baadhi waliwatukana, baadhi waliwafungia milango. Lakini Otilia hakurudi nyuma, na kabla ya jua kuzama, maboksi yalikuwa yamerundikana polisi, na Shedrack alikuwa mahabusu.

Kila mlango alioubisha, Otilia alisema maneno yaleyale, Fortunata akiwa ubavuni mwake:

"Tulidhani anatulipa tumtunzie kanda. Alikuwa anatulipa tumbebee kosa lake."