Nguzo Nne za Bi Mwanamkuu

Asubuhi za masika kule Salale zilikuwa za amani. Mto ulikuwa umepanda na kuingia mashambani, mpunga umesimama ndani ya maji, na Bi Mwanamkuu alikuwa ameketi juu ya dungu lake akinywa uji. Dungu ni kibanda kinachokaa juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba, na watu wa delta huhamia humo na vyungu vyao mpaka mpunga uvunwe. Bibi huyo alikuwa na kombeo na rundo la madongo. Ndege wakishuka aliwarushia huku akiwatukana kwa majina, maana alikuwa amewapa majina ya mawifi zake.

Hiyo ilikuwa miaka ya Mwingereza, baada ya vita ya pili. Bibi alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Mshamu, na huyu Mshamu, ndugu zangu, ndiye ninayetaka tumtazame vizuri.

Mshamu alikuwa mkata boriti. Alikuwa na kibali cha Bwana Misitu, na kutoka Salale mpaka Kibiti hakukuwa na mtu aliyeujua mti wa mikokoni kama yeye. Marehemu baba yake, Mzee Mohamedi, alimfundisha kuugonga mti kwa kisogo cha shoka na kusikiliza. Mti mzima huitika kwa sauti kavu, na uliooza ndani husema du, basi. Nyumba nyingi za Kibiti zilisimama kwa miti yake, na wenye nyumba walijisifu kwa wageni kwamba hiyo ni miti ya Mshamu.

Siku moja alipita shambani kwa mama yake na mtumbwi uliojaa boriti, akishika njia ya kwenda kupakia lori.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo unapita au unafika?"

Mshamu akacheka kwa haya, akaufunga mtumbwi kwenye ngazi ya dungu. Mama yake akamwambia agonge nguzo. Akagonga ya kwanza kwa kisogo cha shoka, ikasema du. Akagonga ya pili, vilevile. Ya tatu hakuigonga, kwa sababu alikwisha kujua.

"Nguzo nne tu, baba," mama akasema. "Hizo ulizopakia zanitosha na kubaki. Watu wote wa Kibiti wamelala chini ya miti yako. Mama yako je?"

"Hizi zina wenyewe, mama. Ijumaa nitakuletea miti minne ya mkandaa iliyonyooka, nije niichimbie kwa mikono yangu."

"Ijumaa hii?"

"Ijumaa hii."

"Haya. Nitakungoja."

Msije mkadhani Mshamu hakumpenda mama yake. Alimpenda sana. Lakini moyoni alikuwa na kidonda cha zamani. Tangu utotoni alisikia watu wakimtaja baba yake kwa kusema "maskini Mohamedi", na mzee huyo akafa kwenye kibanda cha makuti kilichovuja mpaka juu ya maiti. Mshamu aliapa kwamba yeye hataitwa maskini. Alitaka nyumba ya bati pale Kibiti, kando ya barabara kuu, ili kila apitaye aulize ni ya nani. Hayo ndiyo aliyoyaita kufanikiwa, na ukweli ni kwamba majirani zake wote waliyaita hivyohivyo. Hata mimi na wewe tungemsifu.

Nyumba ilikwisha ezekwa. Kilichobaki kilikuwa baraza ya mbele. Mshamu aliporudi Kibiti alichagua mikandaa minne mizuri, akaiweka kando uani. Mkewe Zamda alipouliza, alimwambia ni ya dungu la mama, na hakuna mtu wa kuigusa.

Siku ya Jumatano ikaja habari kwamba Bwana Misitu angepita Kibiti Ijumaa, na baada ya sala angependa kuiona nyumba ya mkata boriti hodari. Mshamu akapanga hapohapo khitma ya kufungua nyumba iwe siku hiyo. Wakubwa wote wangekuja. Lakini wangeketi wapi, na baraza haina nguzo? Boriti nyingine zote zilikwisha ondoka na lori. Alizunguka uani mara mbili, kisha akaiinua ile mikandaa minne.

Zamda alikuwa anachambua mchele, mchele uleule uliotoka shambani kwa mama mkwe wake mwaka uliopita. Akasema, "Baba Miraji, si ya mama hiyo?"

"Mama atasubiri siku mbili tatu. Nitamkatia mingine, mizuri kuliko hii."

"Basi mpelekee habari, asikungoje."

"Nitampelekea," akasema Mshamu, naye alikuwa na nia ya kweli. Lakini kulikuwa na mbuzi wa kutafuta na mikeka ya kuazima. Habari haikuondoka Kibiti.

Ijumaa ilikuwa siku ya fahari. Bwana Misitu alizigonga zile nguzo za baraza kwa fimbo yake, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba ni nguzo safi sana. Watu wakala pilau la mchele wa Bi Mwanamkuu, wakaomba dua, na mzee mmoja akamshika Mshamu mkono akamwambia, "Umefanikiwa, mwanangu." Mshamu alilisubiri neno hilo maisha yake yote. Lilipokuja lilikuwa tamu, sikatai.

Jumamosi asubuhi alikuwa ameketi barazani, ameegemea nguzo mojawapo, akimsimulia jirani yake jinsi wageni walivyosifu. Lori likasimama mbele ya nyumba. Akashuka Mrisho, jirani wa mama yake kule shambani, amejaa tope mpaka kifuani. Nyuma ya lori, juu ya jamvi, kulikuwa na mtu aliyefunikwa kanga.

"Dungu limekaa chini, Mshamu," Mrisho akasema. "Jana alfajiri, maji yalipokuja kwa nguvu. Makaburi ya Salale yote yako chini ya maji, ndiyo maana nimekuletea."

Mshamu hakusimama. Alimwuliza kama mtu anayeuliza habari za mbali, "Kwa nini hukumtoa?"

Mrisho akalia kwanza, ndipo akajibu. "Alhamisi jioni nilikwenda kumchukua kwa mtumbwi wangu. Nikamwambia bibi, tuondoke, maji haya si ya kawaida. Akakataa. Akasema, Mshamu kasema anakuja Ijumaa na nguzo zangu. Akija asinikute, ataona sikuamini neno lake."

Hivyo ndivyo Bi Mwanamkuu alivyoingia katika nyumba ya bati ya mwanawe kwa mara ya kwanza. Aliogeshwa katika chumba ambacho hakikuwa kimelaliwa na mtu. Zamda alipomvua kanga alikuta kamba ya kombeo ingali imefungwa kwenye kifundo cha mkono wake, akashindwa kuendelea, wanawake wengine wakamaliza.

Wachimbaji kaburi wakaja kuuliza miti ya viunza, ile ya kumfunika maiti ndani ya mwanandani kabla ya udongo. Uani hapakuwa na hata kijiti. Mshamu akachukua shoka, akatoka nje, akaing'oa nguzo ya kwanza ya baraza. Jirani yake akataka kumzuia, Mrisho akasema mwacheni. Akaing'oa ya pili, bati likaanza kuinama. Alipoing'oa ya nne paa la baraza lilianguka lote, na hakugeuka kulitazama. Akaikatakata mikandaa ile kwa kipimo cha kaburi. Kila kipande alikigonga kwa kisogo cha shoka na kukisikiliza, na kila kimoja kiliitika kwa sauti kavu.

Alishuka kaburini akavipanga mwenyewe.

"Mama," akasema akiwa humo ndani, "nimeleta."

Baraza ile haikujengwa tena. Mshamu aliishi miaka mingi, na kila masika yalipokaribia alipita shamba kwa shamba kugonga nguzo za madungu ya wajane, na iliyosema du aliibadilisha siku ileile. Watu walimsifu kwa hilo pia. Alikuwa akiwaomba wasimsifu.

FUNZO

Ndugu zangu, nyumba ya bati si dhambi, na kutaka jina jema si dhambi. Mshamu hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana nimewasimulia habari zake. Kosa lake ni kwamba aliyapima mafanikio kwa macho ya wapita njia, akamweka wa mwisho mtu aliyejua kuwa atamvumilia. Wanaotupenda hutuvumilia kila mara, nasi tunadhani kuvumilia kwao hakuna mwisho. Mtu aliyefanikiwa ni yule ambaye wanaomtegemea wamesimama pazuri. Ikiwa umemwahidi mzazi wako kitu, hata kiwe kidogo namna gani, usimalize hadithi hii ukakaa. Nenda kwake leo, ukagonge nguzo zake, usikilize.