Ramani ya Saa Sita

Jirani zangu wa Mulgara, mnaikumbuka ile nyumba ya mbao iliyokuwa mwisho wa barabara ya vumbi, yenye matangi mawili ya maji ya mvua na antena ya satelaiti juu ya paa. Aliyepita pale asubuhi ya Jumapili alikuta raha tupu. Merrin anakaanga mayai, mlango wa nyuma uko wazi, na binti yake Pippa, wa miaka mitano, amekaa kwenye ngazi na mzee Vern wa nyumba ya pili, wanawatupia ndege makombo ya mkate. Vern alikuwa mjane wa miaka sabini na tisa. Hakuwa na kompyuta wala simu ya mkononi. Alikuwa na simu ya mezani, gari kuukuu, na Dale.

Dale ndiye mume wa Merrin, na mtu huyo ilikuwa vigumu kutompenda. Zamani aliandika programu za mashine za kamari, zile zinazojaa kwenye vilabu vyetu na kuwala watu pensheni zao huku taa zinacheka. Siku moja alimwona bibi mmoja anaiombea mashine kama anavyoombewa mgonjwa. Akarudi nyumbani, akaandika barua ya kuacha kazi. Mshahara ukapungua nusu, na Merrin hakulalamika hata siku moja. Alimwona mumewe ni mtu wa dhamiri, na kweli alikuwa hivyo.

Tabu ilianzia hapo hapo kwenye wema. Dale aliieleza habari yake kwenye jukwaa moja la mtandaoni, mahali wapenda kompyuta wanapokutana kubishana, na watu kwa maelfu wakamsifu. Tangu siku ile akawa mtu wa kuulizwa. Ninunue kadi gani ya picha kwa michezo mipya? Kipi bora, kupoza kompyuta kwa feni au kwa maji? Kazi ya kampuni ya silaha niichukue au niiache? Familia iweke akiba gani kwa majanga? Kila swali Dale alikuwa na jibu, na kila jibu lilimletea shukrani. Mwenzangu, sifa za watu usiowaona ni tamu, nazo hazishibishi.

Chumba chake kilikuwa na skrini tatu na kompyuta kubwa ya michezo aliyoiunda kwa mikono yake, inang'aa bluu, feni zake zikivuma mchana kutwa. Huko nje, mifereji ya paa ilikuwa imejaa majani makavu ya mikaratusi. Merrin alimkumbusha mwezi wa kumi, akamkumbusha na wa kumi na moja. Kila mara aliambiwa Jumamosi. Jumamosi ikifika, kulikuwa na mtu wa mbali, wa Perth, anayetaka ushauri. Kinyozi hajinyoi, lakini kinyozi huyu alikuwa na mke na mtoto waliofuga nywele pamoja naye.

Kila nyumba ya huku ina mpango wa moto: ama utaondoka mapema, ama utabaki kulinda nyumba. Wao waliandika watabaki. Walikuwa na pampu ya umeme ya kuvuta maji ya tangi, na Dale alinunua betri kubwa ya akiba, umeme ukikatika pampu iendelee. Glenys, mama anayeongoza kikosi cha zimamoto cha kujitolea, alimshauri anunue pampu ya petroli kama watu wote. Dale akamjibu kwa jedwali la kurasa nne kuonyesha kwamba betri ni bora.

Ikaja ile Jumanne ya mwezi wa kwanza. Kibao cha hatari ya moto kando ya barabara, mshale wake ulikuwa umelala mwisho kabisa, kwenye rangi ya giza. Upepo wa kaskazini ulivuma kama mlango wa tanuri umefunguliwa. Saa nne asubuhi Glenys alipita na gari la kikosi, hakuzima hata injini.

"Fungasheni mwende mjini sasa hivi," alisema. "Nyumba haina roho."

Dale alitoka na kikombe chake, akacheka kidogo. Akamweleza jinsi ramani ya mtandaoni inavyoonyesha moto wa msituni uko wapi, unakwenda kasi gani, na utachukua saa ngapi kufika.

"Dale, wewe una skrini tatu. Mimi nina pua moja, na inaniambia muondoke."

"Pua yako haina kumbukumbu ya dakika kwa dakika, Glenys."

"Ina kumbukumbu ya watu niliowazika," akajibu, akatia gia.

Merrin alisimama na mkono kwenye begi la Pippa. Hapo angeondoka. Amejiambia hivyo mara nyingi tangu siku ile. Lakini Dale alimshika bega kwa upole, akamwambia wana mpango, wana maji, wana betri, na ramani itawapa muda wa kutosha. Mtu aliyeacha mshahara mnono kwa ajili ya dhamiri, utaanzaje kumtilia shaka? Akaliweka begi chini.

Saa saba simu ililia. Merrin alikuwa jikoni, akasikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Alijua ni Vern kwa sababu Dale alipaza sauti kama anavyofanya kwa wazee.

"Naam, naitazama hapa. Kilomita kumi na nne, ng'ambo ya mto... Hapana, hapana. Kaa utulie, Vern. Chemsha chai yako. Moto ukisogea nitakupigia."

Kufikia saa nane na nusu, anga lilikuwa na rangi ya chungwa bovu. Ndege walinyamaza. Merrin alitoka kulowesha ukuta wa mbao kwa mpira wa maji, Pippa akiwa ndani amevaa shati la sufu la mikono mirefu, kwa kuwa sufu haishiki moto upesi. Jivu lilikuwa linadondoka kwenye nywele za Merrin. Kisha likadondoka jani zima la mkaratusi, jeusi, na kingo zake bado nyekundu. Akaliangalia pale chini. Jani halisafiri kilomita kumi na nne likiwa linawaka.

Alimwita mumewe. Dale akajibu kutoka dirishani kwamba ramani haijabadilika.

Hapo umeme ukakatika. Merrin alijua kwa sababu friji, ambayo daima hunguruma, ilinyamaza. Maji kwenye mpira yakapungua, yakawa uzi, yakawa matone, yakakoma. Alisubiri betri iamke. Alihesabu hadi kumi. Akakimbia kwenye kibanda cha pampu, akafungua mlango, na mahali pa betri palikuwa patupu. Nyaya mbili zilikuwa zimening'inia, zimefungwa ncha vizuri kwa utepe mweusi. Mtu alikuwa amezitoa kwa utulivu, kwa mkono wa fundi.

Alisimama pale asielewe. Ndipo akasikia, katikati ya upepo ule wote, feni zinavuma ndani ya nyumba.

Aliingia chumbani. Skrini zote tatu zilikuwa zinawaka. Betri ilikuwa chini ya meza, imechomekwa kwenye kompyuta. Dale alikuwa anaandika, haraka, amejiinamia, na Merrin akasoma maneno juu ya bega lake. Alikuwa anamjibu mtu asiyemjua, aliyemwuliza la kufanya moto ukikaribia nyumba. Dale alikuwa ameandika: Ondoka mapema. Usisubiri kuona moshi.

 Kwa kitambo Merrin akaona kama huyu ni mgeni aliyeingia nyumbani kwake na kuvaa shati la mumewe.

"Betri ya pampu," alisema.

Dale aligeuka. Akaitazama betri, akamtazama mkewe. "Umeme ulikuwa unakatikakatika Desemba," alisema polepole. "Nilikuwa nimeiazima tu. Nilisahau kuirudisha." Kisha, kama mtu anayetafuta pa kushika: "Lakini ramani—"

Merrin aliinama kwenye skrini ya kati. Chini kabisa ya ramani, kwa maandishi madogo kama ya kwenye chupa ya dawa, paliandikwa: imesasishwa saa sita na dakika kumi. Sasa ilikuwa saa tisa kasoro. Moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba ndege za kuuchunguza moto zilishindwa kuona kitu. Kwa karibu saa tatu, ramani ile ilikuwa picha ya moto wa saa sita, na Dale alikuwa anaitazama kama dirisha.

Dale aliruka kutoka kitini. "Vern," alisema.

Merrin alipiga namba ya Vern. Simu ya mzee ilikuwa imekufa. Alimbeba Pippa amemfunika blanketi la sufu, wakakimbilia gari. Dale hakuchukua kitu chochote cha chumba kile, hilo nalisema ili nisimdhulumu. Nyuma yao mifereji ya paa ilishika moto yote kwa mpigo, kama kibiriti, majani ya miezi mitatu.

Njia ya Vern ilikuwa mita mia tatu mbele. Walipofika, mti mkubwa ulikuwa umelala kuziba lango, unawaka kutoka shina hadi kileleni, na nyuma yake hapakuonekana nyumba, ulionekana ukuta wa moto tu. Merrin alipiga honi. Aliendelea kupiga mpaka mkono ukafa ganzi. Dale alifungua mlango akashuka, akapiga hatua tano, joto likamrudisha akiwa ameziba uso kwa mikono, na ngozi ya vidole ikabaki na malengelenge. Gari la kikosi likatokea moshini.  Glenys alimkamata Dale kwa ukosi, akamtupa kwenye kiti, akawaelekeza kwa mkono: uwanja wa mpira, nifuateni.

Walikaa katikati ya uwanja na watu wengine hamsini, chini ya mablanketi yaliyoloweshwa, huku upepo ukigeuka kusini na kijiji kikiungua pande zote. Pippa aliuliza kama Vern amekuja. Kisha akauliza tena.

Kikosi kiliukuta mwili wa Vern kesho yake.

Wiki tatu baadaye binti yake Vern, Maree, alikuja kutoka Adelaide. Merrin na Dale walikuwa wanalala kwenye karavani, nyumba ndogo ya magurudumu, katika viwanja vya maonyesho, na watu waliokuwa wanagawa chai ukumbini waliwapisha wakae naye meza ya pembeni. Maree hakuwa na hasira. Alikuwa na swali moja, ameshawauliza polisi na zimamoto, na hakuna aliyekuwa na jibu.

"Nilimpigia saa sita na nusu," alisema. "Aliniambia begi liko garini na ufunguo anao mkononi. Akasema kwanza atamwuliza mtu mmoja, halafu anaondoka. Baba hakuwa mbishi. Nataka kujua tu nani alimwambia abaki."

Merrin alikuwa na maneno tayari. Moshi, ndege, ramani, kila mtu alikosea siku ile. Akayaacha. Lile halikuwa lake kulisema.

Dale alikuwa ameweka mikono yake yenye bandeji juu ya meza.

"Ni mimi," alisema. "Aliniuliza, nikamwambia atulie, achemshe chai."

Maree alimgeukia. "Ulitoka nje ukaangalia?"

"Hapana."

 Maree aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa hesabu akaiona imekubali. Akachukua koti lake, akaenda.

FUNZO

Ndugu zangu, sikuandika haya ili tuchukie kompyuta. Watoto wetu watacheza, watasoma na kupata kazi humo, na mimi nafurahi. Wala sikuandika ili tumcheke mtu aliyekataa kazi ya kuwanyonya wazee. Alifanya vyema. Ila jambo moja jema halimlipii mtu maisha yake yote yaliyobaki. Dhamiri huamshwa kila asubuhi upya, na mara nyingi kazi inayotupa ni ndogo na haina wa kuisifu: kupanda ngazi, kuzoa majani, kurudisha ulichoazima.

Tujihadhari na maoni yanayotoka kirahisi. Unapomwambia mtu "tulia", umechukua uhai wake mkononi, hata kama ulisema ukiwa umekaa kwenye kiti kinachozunguka. Kama hukutoka nje kutazama, mwambie hukutazama. Neno "sijui" lingemfikisha Vern mjini kabla ya saa nane.

Na sisi wake na mama, moyo ukikuambia funga begi, lifunge. Heshima kwa mume haiungui, nyumba ndiyo inayoungua.

Dale hajawa malaika. Bado huchelewa, bado hubisha. Lakini Jumamosi hii nilimwona juu ya paa la bibi mmoja asiyeweza kupanda, anazoa majani kwa mikono yenye makovu, na bibi alipomwuliza kama mvua itanyesha, aliinua uso akatazama mbinguni kwanza.