Kidole Gumba cha Naftaly

Wawira alikamua ng'ombe, kisha akaenda kutazama viazi. Jua la Dundori lilikuwa limewaka wiki ya tatu mfululizo. Katikati ya shamba sprinkla ya kunyunyizia maji ilikuwa imesimama tu, ikidondosha matone. Mistari ya mwisho ilikuwa imenyauka. Hivyo viazi ndivyo vilivyokuwa mbegu yao ya msimu ujao. Vikikauka, hawana cha kupanda.

"Maji imejaa huko juu kwa chemichemi," alimwambia mumewe, Naftaly. "Lakini tangu uweke paipu mpya, tunaona matone tu."

Naftaly ni mtu mzuri, ila kichwa chake ni kigumu ajabu. Paipu yao ya zamani ilikuwa nene. Siku moja aliziba mdomo wa paipu hiyo kwa kidole gumba, na maji yakaruka mpaka kwa shamba la jirani. Basi akaamua kwamba wembamba ndio huleta nguvu. Aliing'oa ile nene, akatandaza nyembamba kutoka chemichemi hadi shambani, mita mia tatu nzima.

Jioni jirani yao, Mwalimu Jebet, anayefundisha hesabu, alikuja kuchukua maziwa. Wawira alimweleza shida yao. Mwalimu aliokota kijiti, akachora mlima na paipu kwenye mchanga.

"Baba Sue," alimwambia Naftaly, aliyekuwa amesimama kando, "maji ya huko juu yana nishati, yaani uwezo wa kufanya kazi, kwa sababu yako juu. Nishati haipotei, inageuka tu. Hesabu yake ni hii: nishati ya kimo ni sawa na nishati ya mwendo, ukijumlisha ile inayoliwa na msuguano njiani."

"Ikiliwa inaenda wapi?"

"Inageuka joto."

"Mwalimu, hiyo paipu nimeishika. Ni baridi."

"Joto lenyewe ni kidogo sana, mkono hauwezi kusikia. Kwa paipu nyembamba, maji yanasugua ukuta njia yote. Yakifika hapa yamechoka. Kwa paipu nene yanatembea polepole, yanafika na nishati yake. Kidole chako kilibana mwisho peke yake."

Naftaly alitazama mchoro. "Kwa hivyo nilikuwa sawa pale mwisho," alisema, "nikakosea mita zingine zote."

Wawira alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake waliirudisha paipu nene, wakaweka mdomo mwembamba kwenye sprinkla pekee. Ilikohoa hewa, ikatema tope, halafu ikaanza kuzunguka. Wawira alikuwa amesimama kwa mstari wa mwisho. Maji yalimpiga usoni na hakusonga. Alimshukuru Mungu kwa sauti, akamshukuru Mwalimu, na moyo wake ukatulia.

Walipovuna, Naftaly mwenyewe alibeba kikapu cha kwanza hadi kwa Mwalimu. "Asante sana, Mwalimu," alisema. "Tuna mbegu."

Siku hiyo Wawira alikuta hesabu ile imeandikwa kwa makaa kwenye mlango wa stoo, herufi zimepinda. Chini yake, kama sahihi, palikuwa na alama nyeusi ya kidole gumba.