Kinanda cha Mshamu

Mafuta ya taa ndiyo yaliyomtoa Mwajabu nyumbani. Chupa mkononi, kanga mbili mwilini, jua limeshaegemea upande wa Mahege na mwadhini anajikohoza kwenye kipaza sauti. Angejua kinachomngoja dukani, angelala gizani siku hiyo na wallahi nisingemlaumu.

Au labda angekwenda mbio. Mwanamke aliyekaa miaka minane na donge kooni humjui atafanya nini.

Duka lilikuwa la Saidy, pale Kibiti kwenye barabara ya Kilwa. Enzi za foleni, Saidy aliuza chumvi na viberiti, tena kwa kujificha. Tangu kila kitu kiwe ruksa, duka limefurika mali za Dubai: redio, saa za ukutani zinazoimba, tochi za rangi zote. Na jioni hiyo, juu ya kaunta, palikuwa na kinanda kidogo cheusi.

"Karibu dada Mwajabu," Saidy alisema. "Nivumilie kidogo, mwalimu anajaribu mali."

Mwalimu mwenyewe alikuwa Haruni, kiongozi wa kikundi cha taarabu. Mwajabu akabaki mlangoni. Kila akimwona Haruni, lile donge lilikuwa linapanda.

Huyu Haruni alikuwa rafiki wa Mshamu, marehemu mume wake. Mshamu ndiye aliyekuwa mpiga kinanda, na kinanda chake kilikuwa dude la kizamani, boksi la mbao la kubebwa na wanaume wawili. Miaka minane nyuma wawili hao walitoka kupiga harusi huko delta, mto unakoingia baharini, wakarudi kwa mtumbwi mmoja na dude lao katikati. Akafika Haruni peke yake, analia. Mtumbwi umepinduka, akasema. Kinanda kilikuwa kinazama na Mshamu amegoma kukiachia.

"Nilimwita, shemeji. Akalikumbatia boksi lake, akaenda nalo chini."

Mwili haukuonekana. Ila maneno, ah, hayo yalionekana! Kisimani wanawake walikuwa wanapishana kumcheka: mumewe alipenda mbao kuliko mke. Miaka minane Mwajabu anateka maji ameinamisha kichwa. Alitaka jambo moja tu duniani, ajue mumewe alikufaje. Na kama kuna mtu aliyemdanganya, alipe.

"Tazama hiki," Saidy alikuwa anajisifu. "Kile kinanda kikubwa cha zamani, wenzetu wamekichukua wakakifinya. Sauti ni ile ile, na unakitia kwapani."

Haruni akacheka. "Vile vizee! Vilinivunja mgongo." Akatia betri sita, akazungusha kitufe. Sauti ya filimbi. Akazungusha tena, ikaja fidla. Akazungusha mara ya tatu...

Mwajabu akashika mwimo wa mlango.

Ilikuwa sauti ya nyumbani kwake. Nyembamba, inatetemeka mwishoni. Sawa, kimeigwa, ndivyo alivyosema mwenye duka. Lakini kinanda cha Mshamu kilikuwa na kilema chake. Panya alitafuna waya ndani, ikawa ukigusa kibonye cheusi cha tatu kutoka kushoto, hakilii vizuri, kinakoroma. Mshamu alikataa kukitengeneza. Akikiita "babu".

Kidole cha Haruni kikagusa kibonye cha tatu.

Khrrr.

"Hebu rudia," Mwajabu alisema. Alijishangaa kusikia anaongea.

Haruni akageuka. Tabasamu lilikuwa limemganda. Akarudia.

Khrrr.

"Kibovu?" Saidy akapayuka. "Haiwezekani! Nimekitoa kwenye boksi leo hii, kina nailoni yake!"

"Si kibovu," Haruni alisema haraka. Kisha, kwa ubishi wake ule ule wa siku zote, akafanya kosa ambalo mgeni wa mji huu asingeweza kulifanya. Akapiga wimbo wa Mshamu.

Wimbo wenyewe ulitoka kwenye madogori, ngoma ya pepo. Mama yake Mshamu alikuwa fundi wa ngoma hiyo. Na kwenye madogori, ukiufungua wimbo, aliyeitwa anakuja. Akishakuja anaulizwa anataka nini, anapewa, ndipo wimbo unafungwa na yeye anaondoka. Mshamu aliupiga hata harusini, lakini hakuacha kumalizia kwa milio saba ya kufungia, midogo midogo, ambayo watu walidhani ni madoido. Milio hiyo alimfundisha mkewe tu, jikoni, kwa kugonga sufuria. Haruni aliuiba wimbo, milio saba hakufundishwa. Kwa miaka minane ameupiga bila kuufunga, kwenye vinanda vingine, na hakuna lililomkuta. Akaona madogori ni porojo za wazee.

Jioni hiyo aliufungua kwa sauti ya kinanda cha Mshamu chenyewe.

Kwanza ilikuja harufu. Matope ya mikoko, mazito, yanayokaba. Saidy akainama kutazama chini ya kaunta.

Kisha, chini ya wimbo, kikaja kitu kingine.

Ko.

Ko.

Ko.

Kama mtu anagonga mbao.

"Acha basi," Saidy alinong'ona. "Mwalimu, acha."

"Siwezi." Jasho lilikuwa linamtiririka Haruni mpaka kidevuni. Vidole vilikuwa vinakimbia juu ya vibonye, na mwenyewe anavitazama tu. "Toa betri, Saidy. Toa betri!"

Saidy akakipindua kinanda, mikono ya Haruni ikapinduka nacho. Betri zikaanguka juu ya kaunta. Moja, mbili... sita. Zikabiringika mpaka sakafuni.

Wimbo ukaendelea.

Haruni akamtazama Mwajabu. "Shemeji... Mshamu alikufundisha kufunga. Najua alikufundisha. Funga, nakuomba."

"Aulizwe kwanza anataka nini."

"Funga kwanza!"

"Haiendi hivyo, Haruni. Wewe unajua anataka nini. Sema."

Ko. Ko. Ko.

"Kilielea," Haruni alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Boksi lake... lilielea, shemeji. Tukalishika wote wawili, likawa halituwezi. Linazama kwa uzito wetu."

"Enhe."

"Nikachukua kafi."

Dukani palikuwa baridi sasa.

"Nilimpiga vidole. Hakuachia, nikampiga tena. Kimoja kimoja... mpaka akaachia. Alikuwa anaita jina lako."

Jina lake! Miaka minane anachekwa kisimani, kumbe mtu alikufa anamwita yeye. Mwajabu alisikia hasira inampanda kutoka nyayoni, ya moto, na ndani ya hasira hiyo mlikuwa na raha. Ndiyo, raha, sisemi uongo. Milio saba ilikuwa tayari ulimini. Akafungua mdomo.

Akaufunga.

"Kaka Saidy," alisema taratibu, "nipimie mafuta, giza linaingia."

Saidy akapima. Nusu yalimwagika. Mwajabu akapokea chupa yake, akaifuta kwa upindo wa kanga, akatoka. Nyuma yake Haruni alikuwa analia, "Shemeji! Shemeji Mwajabu!" na wimbo unazidi kukaza mwendo. Hakugeuka hata mara moja.

Walimtoa Haruni usiku ule kwa kumvuta watu wanne. Mikono haikutulia. Ilipiga kitanda, ikapiga ukuta, ikapiga kifua chake mwenyewe. Siku ya tatu akawaponyoka. Siku ya nne wakamkuta amekufa ukingoni mwa mto, mwili mzima, hana jeraha la mamba wala la panga. Ila vidole. Vyote kumi vimevunjwa, kimoja kimoja.

Saidy alimsimulia kila mtu alichokiungama Haruni. Wanawake wa kisimani wakaja kwa Mwajabu na vikapu vya mihogo kumtaka radhi, naye akawapokea, kichwa juu. Kile kinanda Saidy alikitia jiwe akakitosa mtoni. Kabla ya hapo alilichungulia boksi kilimotoka. Nje lilikuwa kavu, limebandikwa karatasi za bandarini. Ndani, chini kabisa, mlikuwa na mchanga wa mto, mbichi. Mpaka leo hajui nani aliyemfungia mzigo ule.

Siku ya arobaini ya Haruni, magharibi, Mwajabu aliwasha kibatari akakaa mkekani kula wali wake. Nje, nyuma ya ua, ukaanza wimbo.

Akatega sikio. Kibonye cha tatu hakikukoroma. Na mpigaji alikuwa anakimbiza kimbiza, anaruka pale pale alipozoea kuruka Haruni.

"Shemeji..." ilinong'ona nje ya dirisha. "Funga..."

"Ngoja," Mwajabu alijibu, akachota tonge. "Mimi nimengoja miaka minane."

Tonge lilikuwa halijafika mdomoni alipoisikia harufu ya mikoko. Ndani humu, si nje. Akapapasa mkeka upande wa pili, upande aliokuwa akilala mume wake. Ulikuwa umelowa.

Kitu kikaushika mkono wake. Baridi. Vidole, lakini havikunyooka, kila kimoja kimepinda njia yake. Vikaanza kugonga juu ya kiganja chake, polepole, kama zamani vilivyokuwa vinagonga sufuria.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita.

Vikatulia. Vinamngoja yeye amalizie wa saba.

Hapo Mwajabu akaelewa. Ameitwa Mshamu, hajaagwa, hawezi kuondoka. Na yule wa nje amenaswa kwenye wimbo ule ule. Akifunga, mumewe anapumzika. Akifunga, Haruni naye anapumzika.

Machozi yakamtoka. Akakibusu kile kiganja kibichi chenye ladha ya matope.

"Bado kidogo, mume wangu," alinong'ona. "Mwache alie kidogo."

Vidole vilivyovunjika vikambana zaidi, mpaka mkono ukamuuma. Na nje ya dirisha, Haruni akaanza tena wimbo kutoka mwanzo.